Unataka miembe shambani Mafinga? Soma hapa kabla hujatuma hela

Kamwene ndugu zangu mlioko nje. Kila mwaka tunatuma hela nyumbani tupandiwe miembe, mipapai, mifenesi, halafu ikifika Julai unapigiwa simu miche imeungua na baridi. Mimi iliniuma sana, miche 40 ya embe iliyobebeshwa (yaani kikonyo cha embe la kisasa kimeunganishwa juu ya shina la kienyeji), nimelipia mpaka usafiri, shemeji akanitumia picha majani yamekuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Aliyetuuzia alisema inakubali popote.

Haikubali popote. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700, Njombe inakaribia 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6 hivi. Kwa hiyo embe la Kyela usilihesabie Njombe hata kama ni mkoa wa jirani. Huku juu Mafinga parachichi na pasheni ndio zinakulipa, embe na papai panda michache tu ya kula nyumbani.

Ila mwinuko peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi tunapigwa. Usiku usio na mawingu hewa ya baridi inatiririka kama maji inaenda kutuama bondeni, sakitu, yaani umande ulioganda ukawa mweupe, inaanzia huko. Shamba letu la bondeni lina udongo mzuri mweusi, ndio maana tulipachagua, kumbe ndio shimo la baridi lenyewe. Hata parachichi changa pale linaungua. Mwombe mtu wako Juni au Julai aende saa kumi na mbili asubuhi akupigie video, bondeni kisha mgongoni mwa kilima, aangalie nyasi wapi ni nyeupe wapi zina umande tu. Hiyo video ni muhimu kuliko maneno ya muuza miche yeyote.

Papai au embe la nyumbani weka karibu na ukuta wa tofali unaotazama kaskazini. Mliozoea Ulaya mtasema kusini, hapana, kwetu Juni jua linapita upande wa kaskazini, ukuta unashiba joto mchana unaliachia usiku.

Panda mvua zikishakolea, Desemba hivi, mche upate miezi ya kushika mizizi kabla ya baridi. Mbolea ya urea msiweke kuanzia Machi maana inatoa machipukizi laini na ndio yanaungua kwanza. Ikifika Mei mjengee kila mche kibanda cha nyasi, uwazi uelekee jua la asubuhi, na ukifunika na nailoni isiguse majani. Matandazo yasogezwe pembeni wiki za baridi kali, udongo ulio wazi na wenye unyevu unapata joto mchana na kulirudisha usiku, sisi tulikuwa tunarundika nyasi tukidhani tunasaidia.

Na mche ukiungua usiseme ung'olewe! Vijana wa shamba wana haraka sana na panga. Kwangua gome kidogo kwa kucha, kukiwa na kijani ndani uache mpaka mvua, ndio ukate palipokauka. Ila chipukizi lazima litoke juu ya kovu la kubebeshea, likitoka chini hilo ni shina la kienyeji. Kwenye yetu 40 shemeji alikuta kijani kwenye 11, Desemba tukaihamishia mgongoni na udongo wake, na tisa zimeshika.