Somo: COMMIT, ROLLBACK na SAVEPOINT kwenye MySQL

Mfano wetu ni SACCOS inayotunza akaunti zake kwenye MySQL, programu ya hifadhidata: mwanachama anamhamishia mwenzake shilingi 50,000. Seva ikizimika ukiwa umeshakata huku lakini hujaongeza kule, hela imepotea. Ndiyo maana amri zote mbili tunazifunga kwenye muamala mmoja: ziingie zote au isiingie hata moja. COMMIT huhifadhi muamala, ROLLBACK huutengua, na SAVEPOINT huweka alama ya kurudia katikati yake.

Hatua ya 1. Angalia injini ya jedwali, yaani sehemu ya MySQL inayohifadhi data yake:

SHOW TABLE STATUS LIKE 'akaunti';

Iwe InnoDB. Mifumo ya zamani bado ina majedwali ya MyISAM, na huko ROLLBACK hairudishi kitu.

Hatua ya 2. Fungua muamala. Usiruke mstari wa kwanza, maana MySQL isipoambiwa huhifadhi kila amri papo hapo.

START TRANSACTION;
UPDATE akaunti SET salio = salio - 50000 WHERE namba = 101;
SAVEPOINT nimekata;
UPDATE akaunti SET salio = salio + 50000 WHERE namba = 210;

Hatua ya 3. Kagua kwa SELECT kabla ya kuhifadhi. Lo, mpokeaji ni 201, si 210! Huna haja ya kuanza upya:

ROLLBACK TO nimekata;
UPDATE akaunti SET salio = salio + 50000 WHERE namba = 201;
COMMIT;

Ukitaka kutengua mabadiliko yote ya muamala, andika ROLLBACK badala ya COMMIT. Na usisubiri kosa likujie lenyewe: namba isiyokuwepo haileti kosa lolote, utaona tu "0 rows affected". Wengi hawasomi mstari huo.

Maswali ya wanachama

*Nimefanya DELETE bila WHERE, na COMMIT nimeshapiga. Inarudi?*
Kwa ROLLBACK hairudi. Rejesha bakapu; kisha, kama binlog (faili ambamo MySQL huandika mabadiliko ya data) ilikuwa imewashwa, endelea nayo hadi kabla ya ile DELETE.

*Na DROP TABLE (kufuta jedwali zima) ndani ya muamala?*
Hiyo ni hatari zaidi. MySQL hujipigia COMMIT yenyewe, kwa hiyo hata zile UPDATE za juu yake zimeshaingia. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, ina ustaarabu: huko DROP TABLE inarudishwa kwa ROLLBACK.

*Nikiacha muamala wazi nikaenda kunywa chai, wenzangu wanalalamika mfumo umeganda. Kwa nini?*
Umeshikilia kufuli za rekodi ulizobadilisha. Anayetaka kuzibadilisha husubiri sekunde 50, kama mipangilio haijaguswa, kisha anapata kosa. Piga COMMIT au ROLLBACK kwanza, chai baadaye.