Kuloweka mikono kwa maji baridi, mtindo wa Kneipp

Padri Sebastian Kneipp (1821–1897) wa Bavaria, Ujerumani, alipata umaarufu kwa tiba ya maji. Benedict Lust akaipeleka Marekani, ikawa mzizi mmojawapo wa naturopathia (mfumo wa tiba za asili). Zoezi la Kneipp la mikono linafaa sana mchana wa joto la Dar.

Kinachokwamisha ni maji yenyewe. Yanayotoka kwenye simtanki la juani ni vuguvugu, na ya vuguvugu hayasaidii kitu. Yanatakiwa yasizidi nyuzi 18. Chukua beseni refu, tia lita 10, kisha kilo moja hivi ya barafu (zile za mifuko zinatosha). Maji ya nyuzi 28 yatashuka hadi karibu 18. Subiri barafu yote iyeyuke, ukoroge.

Zamisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, hadi katikati ya kiwiko na bega. Hesabu sekunde 30. Baridi ikianza kuuma, toa mapema. Kung'uta maji kwa kiganja, usifute kwa taulo, halafu chezesha mikono mpaka ipate joto.

Vidole vikiwa tayari vya baridi, acha. Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu bila daktari, na dawa za presha ziendelee kama kawaida.