Taa za dagaa zikififia: tafuta ukinzani na wati kwa volti na ampea

Taa za mtumbwi zikififia usiku, lawama ya kwanza huiangukia betri. Kabla hujaibeba kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwenda kwa fundi, pima volti na ampea kwa mita ya umeme (multimeter). Wakati mzuri ni siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika.

Kanuni ni mbili. Volti ukigawanya kwa ampea unapata ukinzani, yaani omu. Volti ukizidisha kwa ampea unapata nguvu, yaani wati.

Washa taa zote kwanza. Betri isiyo na mzigo huweza kusoma volti 12.6 hata ikiwa imechoka, kwa hiyo kipimo hicho hakikusaidii.

Anza na ampea. Fungua waya wa chanya, mita ikae katikati ili umeme upite ndani yake, na waya mwekundu wa mita uwe kwenye tundu la 10A. Tuseme umepata ampea 5. Sasa hamisha waya mwekundu urudi tundu la volti, kisha unga chanya kama ilivyokuwa. Hapa ndipo mita nyingi hufia: tundu la 10A ni sawa na kipande cha waya, ukiligusisha kwenye vichwa viwili vya betri umepiga shoti. Mita za bei nafuu mara nyingi hazina fyuzi kwenye tundu hilo.

Pima volti kwenye betri, halafu kwenye taa yenyewe. Mfano: betri 12.2, taa 10.8. Betri inatoa 12.2 × 5 = wati 61, taa inapokea 10.8 × 5 = wati 54. Wati 7 zinaishia kuwa joto njiani. Volti 1.4 zilizopotea, gawanya kwa 5: omu 0.28.

Omu hizo ni za nani? Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una omu 12 hivi kwa kilomita. Taa ikiwa mita 8 kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi ni mita 16, yaani omu 0.19. Zinabaki 0.09, na hizo ni za viungio. Taa zikiwa bado zinawaka, weka ncha za mita pande mbili za kila kiungio. Kizima kitasoma karibu na sifuri. Kinachosoma volti 0.4 kina omu 0.08, ndicho kibovu.

Usijaribu kukisaka kwa kipimo cha omu cha mita. Nyaya za mita peke yake zinaweza kuwa na omu 0.2 au zaidi, kuliko ubovu unaoutafuta.

Kata kiungio hicho, menya waya hadi shaba ing'ae, sokota, tia lehemu, ndipo ufunge tepu. Tepu bila lehemu huacha unyevu wa ziwa uingie na kutu ya kijani irudi.

Angalizo moja: 10.8 ÷ 5 ni omu 2.16, lakini kwa taa za LED usiitumie namba hiyo kukisia volti nyingine. LED yenye kidhibiti ndani huweza kuvuta ampea nyingi zaidi volti zikishuka. Pima upya.

Ukibadilisha na waya wa 4, mita 16 zina omu 0.07 hivi. Kwa ampea 5 zilezile, taa itapata karibu volti 11.8, yaani wati 59.