Usiende kunywa chai fundi anapofunga tairi

Kijiwe changu kipo Msamvu, Morogoro, pale njia inapogawanyika, moja ya Dodoma na nyingine ya Iringa. Wateja wangu wengi ni watu wa safari. Wana haraka, wana njaa, na wakishateremka tu wanauliza supu iko wapi. Huwa nawaambia: supu ipo, lakini kaa kwanza. Gari likisimama, tairi lililofungwa vizuri na lililofungwa ovyo yanafanana kabisa. Tofauti utakutana nayo kwenye kona za mlima Kitonga, njia ya Iringa. Kwa hiyo simama hapa uangalie, na kama unafunga mwenyewe nyumbani, hatua ni hizi hizi.

Anza kwa kusoma ubavu wa tairi. Toyota Noah nyingi ninazozipokea huvaa 195/65R15 91H. Hapo 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, na 15 ni inchi za rimu. 91 ni namba ya mzigo ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba, nayo inasimamia kilo 615, na H ni mwendo wa mwisho, kilomita 210 kwa saa. Ukiuziwa tairi lenye namba ya mzigo ndogo kuliko ya kiwandani, halafu ukapakia abiria saba na magunia ya mpunga, usimlaumu fundi. Kisha tafuta herufi DOT. Mwishoni mwake kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata, yaani vile vimeno vya mpira vinavyokanyaga barabara, nene zinazong'aa huku mpira wake umeshakauka kwa umri, na ukilikunja kidogo unaona nyufa kwenye ubavu. Ukikuta limeandikwa STUDLESS, hilo ni tairi la theluji la Japani. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili usikakamae kwenye baridi. Kwenye lami ya Chalinze saa saba mchana linalegea, breki inachelewa, na linaisha upesi.

Sasa kuvalisha. Rimu isuguliwe kwa brashi ya waya pale mdomo wa tairi, yaani ukingo wake wa ndani, unapokaa, maana kutu na mabaki ya mpira wa zamani ndiyo yanayoleta ile hali ya kuongeza upepo kila Jumatatu bila kuona msumari. Valvu ya mpira iwe mpya. Inauzwa bei ndogo, na kuirudia ya zamani kwenye tairi jipya ni ubahili usio na faida. Midomo yote miwili ipakwe maji ya sabuni. Akichukua oili au dizeli mkataze papo hapo: zinakula mpira, tena tairi linabaki linateleza ndani ya rimu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, rimu na tairi vinaachana kidogo, na balansi uliyolipia, yaani ule usawa wa uzito wa gurudumu, imekwenda.

Katikati ya rimu kuna bonde. Upande mmoja wa mdomo ukisukumiwa humo, upande wa pili unapata nafasi na kupita bila ugomvi. Ukimwona fundi anaminya kwa vyuma viwili huku jasho linamtiririka, ujue hajatumia bonde. Chuma kikichana mdomo hadi waya wa ndani ukaonekana, tairi hilo limeshakufa hata kama ni jipya la dukani.

Kabla ya kujaza upepo, angalia mshale wa mzunguko. Likiwa na mshale ulioandikwa ROTATION, lazima uelekee kule gurudumu linakozunguka gari likienda mbele. Likiandikwa OUTSIDE, upande huo ukae nje. Ukiligeuza, mifereji yake haisukumi maji ilivyopangwa, na mvua ya masika ndiyo itakayokuonyesha. Likiwa jipya na lina doa la njano, doa hilo huashiria sehemu nyepesi ya tairi, basi likae usawa wa valvu.

Upepo ukiingia utasikia mlio wa pa! mara mbili, kila mdomo unapokaa mahali pake. Vidole visiwe karibu, wala uso usiinamie ubavu wa tairi. Mdomo ukigoma, usivuke PSI 40. Toa upepo, ongeza sabuni, anza upya. Kuna wanaomwagia petroli na kuwasha kiberiti ili tairi liruke likae. Ukiona hivyo chukua gari lako uondoke, hata kama kazi haijaisha.

Likishakaa, pitisha kidole pale tairi linapokutana na rimu. Kuna mstari mwembamba ulioinuka, unazunguka tairi lote. Umbali wake kutoka ukingo wa rimu uwe sawa kila mahali. Ukikuta sehemu mstari umezama kama umemezwa, mdomo haujakaa, na mashine ya balansi haitaliponya hilo. Gari litakuwa linarukaruka hata kwenye lami mpya ya Iringa.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi wanaiona nyepesi, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote: kurudisha gurudumu kwenye gari. Watu wanadhani nati ndizo zinazobeba gurudumu. Kazi ya nati ni kulibana lishikamane na uso wa habu, kile chuma cha gari ambacho gurudumu hukalia, na huo mbano ndio unaobeba gari. Kwa hiyo chochote kilichobaki katikati, iwe kutu, matope au rangi mpya ya rimu, ni adui. Leo nati imekaza kabisa. Ukikimbia kilomita kadhaa kutu inasagika, panabaki nafasi, na nati inaanza kulegea yenyewe. Matundu ya rimu yanatanuka, stadi, zile boliti zinazopokea nati, zinakatika moja moja, na siku moja dereva anaona gurudumu linampita, linakwenda shambani. Kwa hiyo uso wa habu upigwe brashi, na nyuma ya rimu vilevile, mpaka chuma kionekane. Stadi zibaki kavu. Ukizipaka oili, nguvu ile ile ya mkono inazivuta zaidi ya kipimo.

Angalia na aina ya nati. Za rimu ya chuma zina koni, na koni inatazama ndani. Rimu nyingi za aloi za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Ukizifungia nati za koni, zinagusa ukingo wa tundu tu.

Zizungushe zote kwa mkono kwanza. Isipoingia kwa vidole usiilazimishe kwa spana. Kisha kaza kwa kurukaruka: ukimaliza hii, acha ya jirani, nenda ya upande wa pili, kama unachora nyota. Gari likiwa kwenye jeki kaza kiasi tu, halafu lishushe ndipo umalizie. Magari madogo mengi ya Toyota kipimo chake ni newton-mita 103. Kwa spana yenye mkono wa sentimeta 35, hiyo ni sawa na mzigo wa kilo 30 ukining'inia mwishoni. Mtu wa kilo 80 anayesimama juu ya spana hiyo amepitisha zaidi ya mara mbili, na mwenye kuongezea bomba ndiyo kabisa. Spana ya upepo mimi ninayo, lakini ni ya kufungulia na kusogeza nati. Kukaza kwa mwisho ni kwa spana ya kipimo. Nati zilizopigwa na mashine bila kipimo zinavuta stadi, zinaweza kupindisha diski mpaka pedali ya breki ikatetemeka, na siku ukipata pancha usiku porini na spana yako ya butini, hazifunguki.

Balansi sitaieleza sana, mashine inaandika namba. Wewe jua tu dalili. Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa hivi, shuku matairi ya mbele. Kikitetemeka kiti, ni ya nyuma. Gari likivuta upande mmoja au tairi likaliwa pembeni, hapo ni alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, au upepo. Kipimo cha upepo kipo kwenye stika ya mlango wa dereva na kinapimwa tairi likiwa baridi. Usipunguze upepo kwa kuwa umepima saa nane mchana ukaona umepanda.

Ukinunua mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linaendeshwa na magurudumu ya mbele. Wateja hubishana nami hapa kila siku. Mbele ikiteleza kwenye maji unaisikia kwenye usukani na ukipunguza mwendo inarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka kabla hujafikiri.

Ukishaondoka, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Wa Dodoma huwaambia wasimame Dumila, wa Dar Chalinze. Wa Iringa wasimame Doma, kabla ya kuingia hifadhini, maana ndani ya Mikumi si pa kushuka na kuinama kando ya gurudumu. Acha rimu zipoe, tumia mpangilio ule ule wa nyota. Nati zikigoma kusogea, endelea na safari. Moja ikizunguka robo nzima, weka jeki, toa gurudumu, uangalie nyuma ya rimu kilichobaki huko.