Somo: Kugandisha maziwa bila kuzalisha histamini

Ndugu wafugaji na wauzaji wa bongo (mtindi), wengi wetu tumezoea kwamba moto husafisha kila kosa. Kwa histamini na tiramini si hivyo. Hizi ni amini za kibiojeni, yaani kemikali zinazotengenezwa na bakteria kwenye chakula. Protini ya maziwa ikivunjika hutoa asidi amino ziitwazo histidini na tirosini, na bakteria wenye kimeng'enya cha kazi hiyo huzigeuza kuwa histamini na tiramini. Ukichemsha, bakteria hufa lakini histamini iliyokwisha kutengenezwa hubaki. Mlaji akizidishiwa, uso humwiva, moyo humwenda mbio, kichwa humuuma.

1. Osha kiwele na mikono, kamulia kwenye chombo cha chuma. Jerikeni ya plastiki iliyokwaruzika haisafishiki, hata uisugue vipi.

2. Maziwa yafike kwenye baridi ndani ya saa mbili. Hapa ndipo tunapoharibu. Kuanzia Kiruhura hadi Mbarara, hapa Uganda, utaona pikipiki imesimama juani ikingoja maziwa ya jirani, na muda wote huo bakteria wa kinyesi wanazaliana. Naomba sana: asiyewahi aachwe.

3. Pasha hadi nyuzi 85 kwa dakika 30 ukikoroga, kisha poza hadi 22–25.

4. Tia kimea (bakteria wa kugandisha) asilimia 2 hadi 3, funika, acha saa 16 hadi 18. Hata miongoni mwa bakteria wa kugandisha wapo wanaotengeneza tiramini, kwa hiyo nunua kimea kilichopimwa. Kuchota mtindi wa jana wiki baada ya wiki kunakaribisha wageni usiowajua.

5. Yakishaganda (pH, yaani kipimo cha uchachu, chini ya 4.6), yaweke kwenye nyuzi 4.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, nikionja sitagundua?*
Hapana, mama. Histamini haionjeki wala hainuki. Maabara ndiyo hupima.

*Tunataka kuanza jibini ya kukomaza. Nayo ni hivyo hivyo?*
Ni kali zaidi. Jibini hukaa miezi, protini inavunjika siku zote hizo, na bakteria wana malighafi tele. Mtindi wa siku moja mara nyingi una amini kidogo sana ukilinganisha. Msianze jibini kabla ya kuimudu hatua ya 2.

*Mume wangu anatumia dawa za TB. Anywe bongo?*
Dada, ahsante kwa kuuliza. Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza uwezo wa mwili kuvunja histamini na tiramini. Jibini iliyokomaa aiache hadi amalize matibabu. Mtindi mpya uliotengenezwa kwa usafi kwa kawaida hauna shida, ila amwulize mhudumu wa kliniki yake. Akiona uso unawaka au kichwa kinamgonga baada ya kula, aende kliniki siku hiyo hiyo, na dawa asiikatize mwenyewe.

*Yaliyolala bila baridi nikayachemsha asubuhi, niyagandishe?*
Usiyagandishe, na usimpe mtu.