Namna ya Kuwachagua na Kuwaandaa Waigizaji wa Filamu ya Maisha ya Mvumbuzi

Anayetaka kutengeneza filamu ya maisha ya mvumbuzi katika Nyanda za Juu Kusini hatakosa kisa. Kuanzia Rungwe hadi Njombe na Mufindi, vijito huteremka milimani kwa kasi, na si ajabu kumkuta kijijini mtu ambaye hakusomea uhandisi lakini ameyafunga maji kwenye gurudumu alilolichonga mwenyewe yakawasha taa. Kinachokosekana mara nyingi ni waigizaji wanaofaa kukibeba kisa hicho, kwa sababu mwongozaji huanza kwa kumtafuta mtu anayefanana sura na mvumbuzi, au staa ambaye jina lake litaiuza filamu, ilhali jambo la kwanza la kutazamwa ni mikono.

Kwa hiyo, siku ya usaili usimpe mwigizaji maneno ya kukariri. Mpe gurudumu la baiskeli lenye dainamo, plaizi, bisibisi, kipande cha waya na taa isiyowaka, umwambie atafute kwa nini haiwaki, kisha unyamaze. Hana haja ya kufaulu. Anayekutazama kila baada ya muda mfupi ili ajue kama umeridhika atafanya hivyo hivyo mbele ya kamera. Anayesahau kwamba upo, akageuza geuza kifaa, akakunja uso, akarudia alipoanzia, ndiye wa kumwita tena. Ni vizuri pia umkalishe kando yako fundi wa kweli, awe wa gereji ya Mwanjelwa jijini Mbeya au wa karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa kuwa yeye ataona mara moja nani ameshika bisibisi kama mtu na nani ameishika kama kalamu. Ushikaji huo hufundishika. Umakini ni vigumu sana kuufundisha mtu mzima.

Mfano ulio karibu nasi ni The Boy Who Harnessed the Wind, filamu ya mwaka 2019 inayosimulia maisha ya William Kamkwamba, kijana aliyeunda kinu cha upepo cha kuzalisha umeme huko Malawi, nchi ambayo mtu wa Kyela huiona ng'ambo ya mto Songwe. Chiwetel Ejiofor, aliyeandika muswada na kuiongoza, alimpa nafasi ya William kijana Mkenya, Maxwell Simba, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, naye mwenyewe akaigiza kama baba, Trywell. Itazame mara mbili pamoja na waigizaji wako, na mara ya pili ondoa sauti. Mtaona kwamba Simba huigiza zaidi kwa macho kuliko kwa maneno, na kwamba sehemu kubwa ya uzito wa filamu imewekwa mabegani mwa watu wanaomzunguka.

Hapo ndipo waongozaji wetu wengi hukosea. Humpa mwigizaji wao bora nafasi ya mvumbuzi, halafu nafasi ya baba humpa yeyote anayejua kufoka. Ukweli ni kwamba ukubwa wa ugunduzi hupimwa kwa ukubwa wa shaka ya wengine, na kama shaka hiyo ni ya kijinga, ugunduzi nao huonekana mdogo. Katika filamu hiyo, mtoto anahitaji baiskeli ya baba yake ili aunde kinu cha upepo, na baba anakataa kwa hasira. Lakini Ejiofor haigizi ubaya, anaigiza hofu ya mkulima ambaye ameshapoteza karibu kila kitu na sasa anaombwa akikate kwa msumeno kile kilichobaki. Aïssa Maïga, katika nafasi ya mama, Agnes, ndiye anayemsihi mumewe afikiri upya, na kwa kuwa hapigi kelele, tunamsikia. Basi mwigizaji wako bora mpe nafasi ya baba, au mama, au mwalimu, au yeyote ambaye muswada umempa jukumu la kusema hapana. Kabla ya mazoezi mwambie ajiandalie hoja zake zote: baiskeli hiyo hupeleka mahindi mashineni, huleta mbolea, hubeba viazi hadi gulioni, na mgonjwa akizidiwa usiku ndiyo humfikisha zahanati. Akiingia kwenye mazoezi akiamini kwamba yeye ndiye mwenye haki, ugomvi utakuwa wa kweli. Ndiyo maana usaili wa mwisho uwe wa watu wawili wawili, baba na mtoto wakiwa pamoja, kwa sababu waigizaji wawili hodari wanaweza kukosa kabisa kuaminika kama watu wa nyumba moja.

Kuhusu lugha, ushauri wangu ni mkali kidogo: usimwombe mwigizaji wa Dar es Salaam aige lafudhi ya Mbeya, maana watazamaji wa Mbeya watacheka mahali ambapo ulitaka walie. Filamu ya Kamkwamba huchanganya Kichewa na Kiingereza. Yako inaweza kuchanganya Kiswahili na Kinyakyusa, Kihehe au Kibena bila kumpoteza mtazamaji. Mzee wa Rungwe asalimie "ugonile", wa Iringa "kamwene", na nafasi za wazee wapewe wazee wa kijijini ambao hawajawahi kuigiza, huku nafasi zinazodai mazoezi marefu zikienda kwa waliosomea fani hiyo, katika chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo au kwingineko. Adabu za mwili nazo zina lugha yake: kijana anayepokea kitu kwa baba yake kwa mkono mmoja amekwisha kuiharibu picha.

Maandalizi ya mvumbuzi yafanyike karakanani, si chumbani. Aunde mashine yenyewe, au sehemu yake, pamoja na fundi, na aelewe kwa nini inakataa. Dainamo ya kawaida ya baiskeli hutoa volti 6 na wati 3, tena pale tu inapozungushwa kwa kasi ya kutosha, kwa kuwa umeme huzaliwa na sumaku inayozunguka karibu na koili. Mwigizaji anayelijua hilo, taa inapofifia, macho yake yatakwenda kwenye mkanda na gurudumu, wakati asiyelijua ataikodolea macho taa. Aelezwe pia mahali muswada ulipoacha historia. Kinu cha kwanza cha Kamkwamba kiliwasha taa, lakini filamu imejengwa kuelekea kwenye pampu ya maji ya kumwagilia shamba, na mwigizaji anayelenga taa wakati hadithi inalenga maji atafika kilele mapema mno.

Kama mvumbuzi yu hai, pata ridhaa yake ya maandishi kabla ya usaili wowote, kisha umpeleke mwigizaji akamtazame akifanya kazi badala ya kumhoji kuhusu hisia zake. Kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kishughulikiwe mapema. Mtoto wa shule asubiri likizo, na mzazi wake atie saini. Ukipiga picha Makete mwezi Juni au Julai, beba makoti, kwani meno yanayogongana kwa baridi hayaigizi joto la ukame.

Linabaki kundi la wanakijiji katika tukio la mashine kufanya kazi kwa mara ya kwanza. Usiwaonyeshe mashine ikifanya kazi siku ya mazoezi. Wafundishe mahali pa kusimama tu. Weka kamera mbili, moja kwa mvumbuzi na nyingine kwa nyuso zao, kwa sababu mshangao wao utaupata safari moja, na ukiwaambia warudie watakupa makofi na vigelegele vizuri ambavyo havitakusaidia.