Vumbi la Sahara likivuka milima: namna ninavyoifunga nyumba yetu Chania

Machi 22, 2018 nilikuwa mgeni hapa Chania, kaskazini mwa kisiwa cha Krete, Ugiriki, nikimtunza bibi mmoja mwenye pumu. Kulikucha na joto zuri ajabu kwa mwezi huo. Nikafungua madirisha yote ya upande wa baharini. Niliwaza hivi: upepo unatoka kusini, milima iko katikati, sisi tumekingwa. Mchana anga lilikuwa limegeuka rangi ya manjano iliyoiva, bibi anahema kwa shida, nami nakimbilia pampu yake ya pumu.

Mlima haukingi. Kati ya Machi na Mei, maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa huzaliwa karibu na milima ya Atlas na kusafiri kuelekea mashariki kando ya pwani ya Afrika Kaskazini. Mbele yake huvuma upepo wa kusini ulioinua vumbi la Sahara. Wagiriki huuita notias, na ukiwa wa moto kabisa, livas. Unapofika Krete hukutana na Lefka Ori, milima yenye kilele cha mita 2,453. Unyevu wake mwingi hubaki upande ule wa kusini. Kisha hewa hiyo kavu hututeremkia sisi, na kila inaposhuka mita 100 hubanwa na kuongezeka joto kwa nyuzi 1 hivi. Vumbi lililokuwa limeelea juu hushuka nayo.

Kwa hiyo usingoje anga libadilike rangi. Angalia joto la usiku. Ukiamka saa kumi alfajiri ukakuta kibaraza hakijapoa, kipima unyevu kimeshuka chini ya asilimia 30 na kipimahewa, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, nacho kinateremka, anza kufunga. Tazama na bahari: maji ya karibu na ufuko hulala kwa kuwa upepo unatoka nchi kavu, lakini mbele kidogo unaona michirizi meupe ikikimbilia nje. Na juu ya milima hukaa mawingu laini yenye umbo la dengu, hayasogei hata upepo ukivuma vipi.

Siku mbili au tatu kabla, mimi hufungua ramani za utabiri wa vumbi za kituo cha Barcelona. Hapa wengi hukosea. Ziko ramani zinazoonyesha vumbi lote lililomo angani tangu chini hadi juu, na ziko zinazoonyesha vumbi la usawa wa ardhi. Ya kwanza inaweza kuwa nyekundu tupu na wewe chini ukapata jua lenye ukungu tu. Kwa mgonjwa, fuata ya pili. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 45 za chembe ndogo za hewani (PM10) kwa mita ya ujazo. Ramani ikisema mamia, bibi hatoki.

Chagua chumba kimoja, kile chenye madirisha machache. Funga mbao za nje za madirisha kwa ndoano zake, maana upepo huu huja kwa vishindo na hung'oa bawaba. Ziba nyufa kwa taulo zilizoloweshwa na kukamuliwa. Anua nguo. Weka dawa mkononi, siyo kabatini. Usiwashe feni ya kutoa moshi jikoni: inavyotoa hewa nje, ndivyo nyumba inavyovuta vumbi ndani kupitia kila upenyo. Ukilazimika kutoka, vaa barakoa ya FFP2, ile ya kuchuja chembe ndogo, iliyobana puani, leso haisaidii. Na tafadhali, usichome matawi ya mizeituni uliyopogoa. Majani yaliyokaushwa na upepo huu hushika moto kwa cheche moja, na vishindo vyake huurusha moto hadi shamba la jirani. Ukiona moshi, piga 112, nambari ya dharura.

Mwisho wake huja ghafla. Upepo hugeuka ukawa wa magharibi au kaskazini-magharibi, joto huporomoka ndani ya saa chache, mara nyingi na mvua ya matope. Usifungue kwa furaha ya ubaridi. Subiri hadi uione milima tena kwa mistari yake, ndipo ufungue.

Usifagie pakavu, utalirudisha vumbi lote hewani. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, ukianzia juu. Gari limwagie maji tele kabla ya kuligusa, kwa sababu mchanga huo hukwaruza rangi. Paneli za jua zioshe jioni zikiwa zimepoa. Taulo za madirishani mimi huzitoa mwisho kabisa na kuzisuuza nje kwenye ndoo. Maji ya kwanza huwa mekundu kama chai ya rangi. Yakitoka meupe, ndipo ninapomwita bibi kibarazani.